Chekecheke la mama na galaksi za mbali

"Na wanajuaje kama iko mbali? Labda ni ndogo tu."

Mama aliniuliza hivyo usiku wa Krismasi ya 2021, uani kwetu Kibosho, wageni wengi wakiwa wameshateremka mjini na mbuzi amebaki mifupa. Mchana wa siku hiyo, saa tisa na dakika ishirini, nilikuwa nimesimama kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, mahali pekee kihambani kwetu ambapo intaneti inashika sawasawa, nikitazama kwenye simu roketi ya Ariane 5 ikipaa kutoka Kourou, kule Guyana ya Ufaransa. Ilikuwa imebeba darubini ya James Webb. Baba mdogo aliniita mara mbili nikashike sinia la ndafu, na mara zote mbili nilimwomba anisubiri kidogo. Usiku ndipo nikamweleza mama kilichonifunga pale: kwamba darubini ile inakwenda kutafuta galaksi za mwanzo kabisa, zilizowaka ulimwengu ungali mchanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai yake, ndipo akauliza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Moshi. Nimeulizwa maswali mengi kuhusu nyota, lakini hilo la mama ndilo lililokaa nami, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Habari hutufikia kwamba "galaksi ya mbali kuliko zote imeonekana", kana kwamba mtu alichungulia tu akaikuta. Kwenye picha moja ya Webb kuna maelfu ya vinukta. Kazi iko kwenye kuvitenganisha.

Ukikaa uani kwetu usiku ukaangalia ng'ambo ya korongo, upande wa Uru, unaona taa moja moja kati ya migomba. Ipo moja hafifu sana. Inaweza kuwa koroboi ya mtu aliye hatua mia tano kutoka ulipo, na inaweza kuwa taa kubwa ya kanisa iliyo kilomita nne. Jicho halina namna ya kujua. Usiku ule wa Krismasi, kushoto kwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, juu kidogo, kulikuwa na kijiwingu hafifu kinachoonekana kwa macho matupu penye giza la kutosha. Hicho ni Andromeda, galaksi jirani. Mpaka miaka ya 1920 wataalamu walikuwa bado wanabishana kama kijiwingu hicho kimo ndani ya galaksi yetu au nje yake. Ubishi uliisha kwa sababu ya nyota aina ya Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa mpigo maalumu. Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha mwaka 1912 kwamba mpigo ukiwa wa polepole, nyota yenyewe ni angavu zaidi. Ukijua taa ni ya wati ngapi, ufifi wake unakwambia umbali. Mwaka 1923 Edwin Hubble akaiona Sefeidi moja ndani ya Andromeda, akapiga hesabu, na kijiwingu kikawa galaksi kamili. Leo tunajua nuru yake hutumia miaka milioni 2.5 kutufikia.

Njia hiyo ni nzuri kwa majirani tu. Galaksi ikiwa mbali mno, nyota zake huchanganyikana kuwa nukta moja na huwezi kuichagua moja ukahesabu mpigo wake. Hapo ndipo inahitajika dalili nyingine, na dalili hiyo imeandikwa ndani ya nuru yenyewe.

Darasani huwa natumia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Naukata, naulaza juu ya meza, nachora juu yake mawimbi kwa chaki nyeupe, kilele hadi kilele sentimita tatu. Wanafunzi wawili wanashika ncha na kuvuta polepole mpaka mpira uongezeke mara mbili, na wa tatu anapima kwa rula: sentimita sita. Hakuna aliyeyagusa mawimbi. Kilichovutwa ni mpira. Nuru iliyotoka kwenye galaksi ya mbali imesafiri mabilioni ya miaka ndani ya ulimwengu unaotanuka, nayo imetanuka pamoja nao. Iliyotoka ikiwa ya buluu hufika nyekundu. Iliyosafiri zaidi hutanuka zaidi, hadi inapita wekundu ambao jicho linauona na kuingia kwenye infraredi, nuru tunayoihisi kama joto tunapokaa karibu na mafiga.

Kurefuka huko kwa wimbi huitwa mhamo. Vesto Slipher alikuwa wa kwanza kuupima kwa galaksi, kule Arizona mwaka 1912. Galaksi ya kwanza aliyoipima, Andromeda ileile, ilionekana inatujia, kwa kuwa mvutano wa jirani unashinda kutanuka. Nyingi alizopima baadaye zilikuwa zinatukimbia. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji mwaka 1927, kisha Hubble mwaka 1929, wakaunganisha mhamo na umbali: iliyo mbali zaidi, mhamo wake ni mkubwa zaidi. Hesabu yake si ngumu. Mhamo wa 1 maana yake wimbi limerefuka mara mbili, mhamo wa 3 mara nne, mhamo wa 14 mara kumi na tano.

Lakini kuupima mhamo sawasawa kunataka muda mrefu wa darubini kwa kila nukta, na nukta ni maelfu. Huwezi kuzipima zote. Lazima kwanza uchekeche.

Mama alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, hapo mjini. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa nampelekea chakula wakati wa msimu, nikasimama mlangoni kwenye harufu ile ya maganda na vumbi. Kahawa ikishakobolewa inapita kwenye machekecheke yanayotikisika, yamepangwa juu kwa juu. La juu lina matundu makubwa. Punje kubwa zinabaki hapo, ndizo AA. Zinazodondoka zinadakwa na la chini yake, zinaitwa A, kisha zinafuata B. PB, zile punje za mviringo zilizoota moja moja ndani ya tunda, zina chekecheke lao lenye matundu marefu. Mama alikuwa akichota konzi moja, akaimwaga kiganjani, akaisogeza kwa dole gumba na kusema: hii imepita hapa, haikupita pale. Punje aliijua kwa tundu lililoizuia.

Wanaastronomia wana machekecheke ya rangi. Mbele ya kamera wanaweka kichujio kinachoruhusu buluu tu, wanapiga picha. Wanaweka cha kijani, wanapiga tena. Chekundu. Infraredi ya karibu, infraredi ya ndani zaidi. Sehemu ileile ya anga, picha sita, saba, au zaidi. Kisha wanatafuta nukta iliyomo kwenye picha hizi na haimo kwenye zile.

Kinachoifanya nukta ikosekane ni haidrojeni, gesi iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni. Atomu yake ina elektroni moja tu, na nuru yenye wimbi fupi kuliko nanomita 91.2 ina nguvu ya kuing'oa elektroni hiyo. Nuru ikifanya hivyo, inamezwa, haisafiri tena. Kwa hiyo galaksi changa, iliyojaa nyota za moto zinazomwaga miale ya ultravioleti, hung'aa vizuri hadi kufikia mpaka huo, halafu nuru inakatika ghafla kama imekatwa kwa panga. Mpaka huo unabeba jina la Theodore Lyman, mwanafizikia wa Marekani aliyechunguza nuru ya haidrojeni mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa galaksi za mwanzo kabisa mkato unasogea: gesi ya haidrojeni iliyokuwa imetanda kote kati ya galaksi inameza karibu kila kitu kilicho chini ya nanomita 121.6.

Sasa uvute mpira. Galaksi yenye mhamo wa 3 ina mkato wake kwenye nanomita 91.2 mara nne, kama 365, ukingoni mwa urujuani. Itaonekana kwenye kijani na nyekundu, na itakosekana kwenye kichujio cha ultravioleti. Charles Steidel na wenzake walitumia njia hii kuchagua nukta, kisha wakazithibitisha moja moja kwa darubini ya Keck, Hawaii, yenye kioo cha mita 10. Walipotangaza matokeo mwaka 1996, ikawa wazi kwamba galaksi za mbali kiasi hicho zinaweza kuvunwa kwa makundi. Kabla ya hapo zilikuwa zinaokotwa kwa bahati.

Wakati huohuo Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoendesha kazi za darubini ya Hubble, alikuwa na saa za darubini ambazo mkurugenzi anaruhusiwa kuzitumia atakavyo. Desemba 1995 alizitumia kuitazama sehemu moja ya anga, kwenye kundinyota la Dubu Mkubwa, ambayo ilichaguliwa kwa sababu haikuwa na kitu. Walikuwepo wenzake waliomshauri asifanye hivyo, wakiona ni kupoteza muda wa chombo ambacho kila mtaalamu duniani anakipigania. Siku kumi, picha 342, sehemu ndogo kama punje ya mchanga uliyoishika kwa mkono ulionyooshwa. Zilionekana galaksi zipatazo 3,000. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi wa kidato cha nne picha hiyo, na kila mwaka darasa linanyamaza kwa muda. Na picha zote za siku hizo kumi zilipigwa kupitia vichujio vinne, kwa kuwa tangu mwanzo nia ilikuwa kuchekecha.

Hubble nayo ina mwisho wake. Kamera yake ya infraredi inafika kama nanomita 1,700. Chukua 121.6, zidisha mara kumi na tano, unapata 1,824. Galaksi yenye mhamo wa 14 inadondoka kwenye machekecheke yote ya Hubble, hakuna la kuidaka. Ndiyo sababu ikajengwa Webb: kioo cha mita 6.5 chenye vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu hurudisha infraredi vizuri sana. Ikapelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani na kukingwa jua kwa pazia la tabaka tano, ili ipoe. Darubini yenye joto ingejimulika yenyewe, ni sawa na kutafuta jivu linalofuka huku umeshika mwenge.

Chekecheke, hata hivyo, linadanganyika, na wakosoaji husema hivyo kwa haki. Mama angekwambia kwamba punje iliyovunjika hupita kwenye tundu lisilo lake. Angani wapo wadanganyifu watatu wakubwa. Kuna galaksi za karibu zilizojaa vumbi, na vumbi hula nuru ya buluu na kuacha nyekundu. Kuna galaksi zilizozeeka, ambazo nyota zake za buluu zimekwisha. Na kuna nyota za kahawia, vitu vidogo vilivyopoa ndani ya galaksi yetu wenyewe, ambavyo havikupata uzito wa kutosha kuwaka kama jua. Rangi ya kahawia imepata jina lake kwa kahawa, na kila nikifundisha hizi nyota namkumbuka mama kiwandani. Zote tatu hukosekana kwenye picha za buluu na kujitokeza kwenye infraredi, kama wageni wa mbali wanavyofanya.

Mfano wa wazi ulitokea miezi michache baada ya Webb kuanza kazi. Katika picha zake za 2022 ilipatikana nukta iliyoitwa CEERS-93316. Rangi zake zilionyesha mhamo wa zaidi ya 16, yaani nuru iliyotoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 250 hivi kati ya bilioni 13.8. Watu walisisimka, nami pia. Mwaka 2023 nuru yake ikachambuliwa. Mhamo ulikuwa 4.9. Ni galaksi ya baadaye sana, ya ulimwengu wenye zaidi ya miaka bilioni moja, yenye vumbi, na yenye mistari mikali ya oksijeni na haidrojeni iliyoangukia ndani ya vichujio vilevile ambavyo vingeifanya ionekane ya mbali. Waliopima walikuwemo watu wa mradi huohuo uliopiga picha zile, na matokeo yakachapishwa wazi. Nilimsimulia mama habari hiyo kwa simu. Akasema, "Ndiyo maana sisi tulikuwa na waonjaji."

Waonjaji wa kahawa hukaa kwenye meza ndefu yenye vikombe vingi. Anayeonja huchota kwa kijiko, huvuta kwa sauti, huzungusha mdomoni, hutema, huandika. Daraja la chekecheke linakwambia ukubwa wa punje. Mdomo ndio unaosema kama ilikauka vizuri, kama ilichachuka, imetoka mlima gani. Kuonja kwa wanaastronomia ni spektra: unaipasua nuru ya nukta moja kuwa rangi zake zote, nyembamba nyembamba, kisha unatafuta mistari.

Mimi mwenyewe nilisoma mambo haya kwa mchoro wa ubao tu, shule niliyosoma haikuwa na prizimu hata moja. Kwa hiyo wanafunzi wangu nawaletea CD ya zamani ya kwaya. Tunafunga mapazia, tunawasha balbu ya kienyeji yenye waya, tunaitazama kupitia mng'ao wa CD: upinde wa mvua usio na pengo. Kisha tunawasha taa ya tyubu. Rangi zinajitenga, kijani peke yake, urujuani peke yake, katikati giza. Kijani kile ni zebaki iliyo ndani ya taa, na kitakuwa palepale kwa kila taa ya namna hiyo, iwe Moshi, iwe Arusha. Kila elementi ina mistari yake ambayo haibadilishi. Ukiikuta mistari ya oksijeni mahali ambapo si pake, lakini nafasi kati yake ni zilezile zilizotanuka kwa uwiano mmoja, umeupata mhamo, na vumbi haliwezi kughushi hilo.

Webb ina kifaa chenye vidirisha vidogo kama robo milioni, kila kimoja upana wa milimita 0.1 na urefu wa 0.2. Vinafunguliwa vile tu vilivyo mbele ya galaksi zinazochunguzwa, vingine vinafungwa, na hivyo nukta nyingi huonjwa kwa wakati mmoja bila kuchanganyika. Hivyo ndivyo ilivyothibitishwa galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0. Ilikuwa nukta ya kutiliwa shaka, kwa sababu ilikuwa angavu kuliko ilivyotarajiwa na imekaa karibu kabisa na galaksi nyingine iliyo mbele yake. Januari 2024 Webb iliikazia macho karibu saa kumi. Mkato ulionekana wazi, kama nanomita 1,850. Mhamo ulitangazwa Mei mwaka huo kuwa 14.32. Halafu darubini ya ALMA, yenye sahani 66 za kunasa mawimbi kwenye jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ikaukuta mstari wa oksijeni yake na kurekebisha namba kuwa 14.18. Nuru hiyo ilitoka ulimwengu ukiwa na miaka kama milioni 300. Mwaka 2025 ikatangazwa nyingine, MoM-z14, yenye mhamo wa 14.44.

Oksijeni ile ndiyo inayonishangaza kuliko rekodi. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota. Kuikuta pale maana yake kuna nyota zilizokuwa zimeshazaliwa, zimewaka, zimekufa na kumwaga majivu yake kabla ya wakati huo.

Ipo njia nyingine, ya kuazima lenzi. Chukua kitako cha chupa ya soda, kipitishe mbele ya mshumaa: mwali unapinda, unakuwa pete, unaongezeka. Uzito nao hupinda nuru. Arthur Eddington alilipima hilo kwenye kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919. Mwaka 1937 Fritz Zwicky akasema galaksi nzima inaweza kuwa lenzi kubwa ya kutosha kutuonyesha kilicho nyuma yake, na lenzi ya kwanza ya namna hiyo, iliyotokana na galaksi, ikapatikana 1979. Picha ya Webb iliyotangulia kutangazwa, Julai 2022, ilikuwa ya kundi zima la galaksi linalofanya kazi hiyo, SMACS 0723. Vile vijistari vilivyopinda kama maganda ya ndizi pembeni mwa picha ni galaksi za nyuma zilizovutwa na kukuzwa. Galaksi ambayo ingekuwa hafifu mno kuionja huongezwa mwanga mara kumi, pengine zaidi, bila gharama. Tatizo ni kwamba lenzi iko pale ilipo, huwezi kuisogeza.

Krismasi ya 2025 nilikwenda na picha kwenye simu, nikaketi na mama kwenye benchi lilelile. Zilikuwa za JADES-GS-z14-0, kipande kilekile cha anga kupitia kichujio kimoja baada ya kingine. Aliishika simu mbali kidogo na macho, akasogeza picha kwa dole gumba.

"Hapa haipo," akasema. "Hapa haipo. Hapa pia." Akasogeza. "Hapa ipo."

Akarudi nyuma, akaangalia tena zile tatu tupu, muda mrefu kuliko ile yenye nukta.

"Na waonjaji?"

"Wameonja, mama. Mara mbili, kwa darubini mbili."

Ilikuwa saa nne usiku. Sehemu ya anga ilimo galaksi hiyo iko kwenye kundinyota la Fornax, yaani Tanuri, na saa hiyo ya Desemba huwa imepanda juu kabisa upande wa kusini. Nikamwomba ageuke aupe mlima mgongo. Chini yetu kulikuwa na taa za Moshi mjini, na ng'ambo yake tambarare ya kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, giza tupu. Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya hapo, kati ya nyota mbili hafifu ambapo macho hayaoni kitu. Aliinua uso akatazama, mkono mmoja umeshika mtandio usidondoke.

"Pale pasipo na kitu," akasema.

"Palepale."